Tafuteni Aliyemwosha

Tarehe 15 Januari 2012 BBC ilimuua Sherlock Holmes. Alisimama juu ya paa la hospitali ya St Bartholomew's jijini London, akampigia simu rafiki yake John Watson aliyekuwa chini barabarani, akamuaga, akaitupa simu, akaruka. Watson alimwona akianguka. Alipomfikia alimshika kifundo cha mkono, hakusikia mapigo. Dakika chache baadaye tunamwona Watson makaburini, akizungumza na jiwe jeusi lenye jina la rafiki yake na kumwomba afanye muujiza mmoja tu, asiwe amekufa. Kamera inageuka. Sherlock amesimama pembeni, mzima, anamtazama. Episodi inaishia hapo.

Inaitwa "The Reichenbach Fall", na iliandikwa na Steve Thompson. Kwa kuwa tumeoneshwa kwamba jamaa yu hai, swali lililobaki lilikuwa moja: aliwezaje? Mashabiki walikaa na swali hilo karibu miaka miwili, hadi 1 Januari 2014, BBC iliporusha "The Empty Hearse" iliyoandikwa na Mark Gatiss. Katika miaka hiyo miwili zilizaliwa nadharia za kila namna. Wapo walioshika kimpira ambacho Sherlock alikuwa akikidundisha maabara kabla ya kupanda paani: ukikibana kwapani, walisema, mapigo ya mkononi yanapotea. Wapo walioshika lori la takataka lililokuwa limeegeshwa karibu na pale alipoangukia. Wapo walioshika mwendesha baiskeli aliyemgonga Watson na kumchelewesha. Wengine walisema aliyeanguka ni maiti ya mtu mwingine.

Nimezisoma nadharia hizo nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye tasnifu ya kumaliza. Ni kazi ya akili kweli, na baadhi yake zilipatia. Lakini karibu zote zina tabia moja: macho yako paani. Zinapima urefu wa jengo, zinahesabu sekunde za kuanguka, zinachora mahali Watson alipokuwa amesimama. Nadharia iliyonishinda nguvu niliisikia Mbagala, kutoka kwa mtu ambaye hakulitazama paa hata kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2024, wakati wa mgao wa umeme. Nilikuwa nimekwenda kwa shangazi yangu na flashi yenye misimu mitatu ya Sherlock. Binamu zangu wawili walielewa Kiingereza cha kutosha. Shangazi hakukielewa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa Lufufu wa jioni ile, namtafsiria huku nikirukaruka maneno na kuongeza yangu pale ambapo Sherlock alikuwa akiongea mbio. Tulipofika makaburini, Sherlock akatokea pembeni, na umeme ukakatika. Haukurudi mpaka kesho yake usiku. Waingereza walipewa miaka miwili ya kuwaza. Sisi tulipewa siku moja na joto lake.

Tukatoa mikeka nje. Binamu mmoja alikuwa na kimpira, mwingine alikuwa na lori la takataka, wakabishana mpaka majirani wakasogea. Shangazi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Nani alimwosha?"

Nikamwambia, "Shangazi, wale hawaoshi kama sisi. Maiti inashughulikiwa hospitali, kuna watu wameajiriwa kwa kazi hiyo."

"Basi huyohuyo wa hospitali. Mtafuteni. Mnahangaika na paa la nini? Kuanguka kila mtu kaona. Kufa ndiyo hakuna aliyekuona. Aliyekuona ni yule aliyefunga mlango."

Inafaa msomaji ajue kwamba shangazi yangu ni mmoja wa kina mama wanaoitwa mtaani kwao mwanamke anapofariki. Anajua chumba kile kinavyokuwa: pazia, maji, kafuri, sanda, na watu wachache tu ndani. Anajua pia adabu yake, kwamba mwoshaji akikuta jambo mwilini mwa marehemu halitoki nalo nje. Kwake yeye, kati ya mtu kuanguka na mtu kuzikwa kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu mwenye siri. Sisi wengine tuliuruka mlango huo kwa sababu kamera iliuruka.

Hakuishia hapo. Aliuliza wazazi wa marehemu wako wapi, mbona makaburini kuna rafiki na mama mwenye nyumba tu. "Msiba gani huu hauna wafiwa?" Kisha akaleta la tatu, ambalo kila mtu alilicheka ila yeye: kama mtu huyu yu hai, rambirambi za watu zitarudishwaje? Yumo kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, yeye na wenzake wana daftari. Kila jina lina kiasi chake. Ukirudi kutoka kaburini, daftari lile linakuwa ushahidi dhidi yako.

Maswali matatu hayo hayana fizikia ndani yake. Yote yanahusu watu: nani aliambiwa, nani hakuambiwa, na nani alitoa kitu chake kwa msiba ambao haukuwepo. Umeme uliporudi tukaendelea na "The Empty Hearse", na hapo ndipo nilipoanza kuitazama tamthilia hii upya, maana majibu ya shangazi yalikuwemo.

Anza na mwoshaji. Katika "The Reichenbach Fall", kabla ya kwenda paani, Sherlock anakwenda usiku kwa Molly Hooper, dada anayefanya kazi na maiti hospitalini palepale. Anamwambia kwamba siku zote amekuwa mtu wa maana kwake, kwamba anadhani anakwenda kufa, na kwamba anamhitaji. Tukio linakatwa hapo. Wako mashabiki wengi walioliona na kumweka Molly katika nadharia zao, lakini walimweka kama chombo: mtu wa kuleta maiti, kisha hadithi irudi paani. Shangazi alimweka katikati. Na "The Empty Hearse" inakubaliana naye, kwa kuwa Sherlock anamweleza Molly mwenyewe kwamba Moriarty alikosea mahali pamoja. Alimhesabu kila mtu ambaye Sherlock anamjali, akamwacha yule aliyedhani hana uzito.

Wazazi nao wanatokea. Wanaonekana kwa mara ya kwanza katika episodi hiyohiyo, wazee wawili wa kawaida kabisa waliokuja kumtembelea mtoto wao. Watson anagundua papo hapo kwamba nao walijua, ndiyo maana hawakuonekana mazishini. Inapita kama utani mdogo. Ninapoitazama leo naona ni fumbo lililowekwa miaka miwili kabla na kufumbuliwa kwa sentensi moja, na kwamba lilikuwa linafumbulika na mtu yeyote anayejua msiba unavyokaa.

La rambirambi halina daftari London, lakini lina Watson. Sherlock anajitokeza mbele yake mgahawani, amejifanya mhudumu, amejichorea masharubu, siku ambayo Watson anataka kumchumbia Mary. Anadhani itachekesha. Watson anamrukia. Wanafukuzwa, wanahamia sehemu nyingine ya bei nafuu, wanapigana tena, wanahamia nyingine. Katikati ya vurugu hizo Sherlock anataka sana kueleza alivyofanya, anaanza kutaja mbinu zake, na Watson anamkata. Hataki kujua alifanyaje. Anataka kujua kwa nini, na ni nani waliokuwa wanajua. Sherlock anataja kaka yake, anamtaja Molly, kisha watu wa mitaani wasio na makazi, kama ishirini na tano. Kila jina ni pigo. Huyu alilia miaka miwili juu ya kaburi, na watu wa mitaani walikuwa na habari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mashabiki waliokasirishwa na episodi hii. Lawama yao kubwa ni kwamba haikujibu "aliwezaje". Inatoa maelezo matatu. La kwanza lina kamba ya kuruka nayo na dirisha linalovunjwa, na linageuka kuwa ni ndoto ya Anderson, polisi wa zamani aliyeanzisha kikundi cha mashabiki. La pili ni la binti mmoja kwenye kikundi hicho, na linaishia Sherlock na Moriarty wakikaribia kubusiana. La tatu anatoa Sherlock mwenyewe: mfuko mkubwa wa hewa, maiti ya mtu anayefanana naye, kimpira kwapani, baiskeli. Anderson anasikiliza, anasema amevunjika moyo, kisha anaanza kuona matobo, na tunaachwa hatujui kama hilo nalo ni kweli. Wengi walihisi wametukanwa. Walifikiri kwa miaka miwili, na mwandishi akawaonesha wamekaa sebuleni kwa Anderson na kofia za Sherlock vichwani.

Lawama hiyo ina haki yake. Hadithi ya fumbo ni mkopo: mtazamaji anatoa akili yake kwa kuamini kwamba mwisho atalipwa. Kumcheka mdai mbele za watu si kulipa. Lakini nadhani wadai walikosea jina la deni. Tangu Arthur Conan Doyle alipomtumbukiza Holmes kwenye maporomoko ya Uswisi mwaka 1893 na kumrudisha mwaka 1903, maelezo ya namna alivyopona yamekuwa mepesi. Kwenye hadithi ya 1903 ni suala la mieleka ya Kijapani na kupanda mwamba. Kilichokuwa kizito, na kikapitwa haraka, ni Watson: anamwona rafiki yake yu hai, anazirai, anazinduka, anasamehe. Gatiss alikataa kuzirai huko. Alimpa Watson ngumi, na kwa ngumi zile alilipa deni lililokuwa limekaa miaka 110.

Wasomaji wa Kiswahili hatukupaswa kushangazwa na jambo hili. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimpa Bwana Msa kiko na rafiki wa kufuatana naye, Najum, na kila mhakiki anayeona kiko hicho anakumbuka Baker Street. Lakini Bwana Msa hana maabara. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka mwaka 1960, mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu na wenyeji wana jibu tayari, ni mizimu. Msa analiacha jibu hilo na kuanza kuuliza kuhusu watu: nani ana uhusiano gani na nani, nani anaficha nini. Ukifika *Duniani Kuna Watu* (1973) fumbo lenyewe limeshakuwa la nasaba, nani ni mtoto wa nani. Darasani tulizoea kuliita jambo hili udhaifu, kwamba hadithi za Msa zinategemea mno siri za familia. Baada ya Mbagala naona ni chaguo. Katika jamii ambayo watu wanazaliwa, wanaolewa na kuzikwa mikononi mwa wengine, siri haikai kwenye jivu la sigara. Inakaa kwa mtu.

Kwa kipimo hicho, "The Empty Hearse" ililipa nusu ya deni. Ilimlipa Watson. Molly haikumlipa. Hatuoneshwi hata siku moja ya miaka ile miwili aliyoishi na siri, akikutana na wafiwa na kunyamaza. Badala yake tunaoneshwa mchumba wake mpya, Tom, aliyevaa koti na skafu kama za Sherlock, ili tucheke. Shangazi hakucheka. Alisema mwoshaji akibebeshwa siri ya mtu aliye hai, hiyo si sitara tena, ni mzigo, na mwenye mzigo huo hana pa kuutua.

Tarehe 15 Januari 2017, miaka mitano kamili baada ya paa, ikarushwa "The Final Problem". Ndani yake Sherlock anaoneshwa jeneza tupu na kutakiwa ang'amue ni la nani. Ni la Molly. Ili amwokoe lazima ampigie simu na kumfanya atamke kwamba anampenda, bila kumwambia kwa nini. Molly anaomba asifanyiwe hivyo, kisha anatamka, kwa sababu ni kweli. Mwosha huoshwa, Waswahili walishasema. Hatari ilikuwa ya uongo, jeneza halikutumika, na simu ikakatwa. Mwishoni tunamwona Molly akiingia Baker Street anatabasamu, hakuna aliyemweleza kitu mbele yetu.

Mashabiki bado wanajadili mfuko wa hewa. Mimi nadharia yangu ni kwamba kuna mazungumzo mawili yaliyofanyika nje ya kamera: moja usiku ule kabla ya paa, jingine baada ya simu ile. Sherlock na Molly, mlango umefungwa. Waandishi walituficha yote mawili, na kama siku moja watarudi kutengeneza msimu mwingine, hayo ndiyo ninayowadai.