Mgeni Asiyepiga Hodi

Huku Mbamba Bay, hata mtu anayeijua nyumba yako toka utotoni husimama uani na kupiga hodi. Asipojibiwa hurudia. Mara ya tatu akikuta kimya huondoka, na hakuna anayemlaumu mwenye nyumba. Huenda amelala, huenda leo hataki kuonana na mtu. Hodi ni swali ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana.

Swali hilo limepotea kwenye simu na kompyuta zetu. Programu ya kutuma ujumbe, ya kuandikia nyaraka, ya barua pepe, hata ile ya kusomea PDF za darasani, zote siku hizi zina msaidizi wa akili unde aliyekaa pembeni anang'aa. Hukumwita. Halafu sikiliza salamu yake: "Karibu! Nikusaidie nini leo?" Karibu ni neno la mwenye nyumba. Kwa neno hilo moja aliyeingia bila hodi amekalia kiti cha mwenyeji, na wewe umekuwa mgeni kwenye ukurasa wako mwenyewe.

Sisi tunaosoma fasihi tuna desturi ya kumuuliza mhusika maswali: ameingiaje, anazungumza kwa sauti ya nani, na akishaongea nani ananyamaza. Msaidizi huyu naye anastahili kusomwa hivyo.

Tuanze na kuingia kwake. Aprili 2024 kampuni ya Meta ilitangaza kuisambaza Meta AI, kwa Kiingereza, katika nchi zaidi ya kumi nje ya Marekani. Malawi ilikuwamo kwenye orodha, Tanzania haikuwamo. Ziwa ni moja, dagaa ni walewale, lakini ng'ambo ya Nkhata Bay walifikiwa mapema kuliko sisi. Hakuna kijiji cha upande wowote kilichoulizwa. Anayetumia WhatsApp sasa anaweza kukutana na duara la buluu, na sehemu ya kutafutia ujumbe wa zamani inamwalika kwanza aiulize mashine. Aprili 2025 BBC iliripoti kwamba duara hilo haliondoleki. WhatsApp walijibu kuwa kulitumia ni hiari. Ni hiari ya kumpita mtu aliyeketi mlangoni kwako, bila uwezo wa kumwambia aondoke.

Sasa sauti yake. Mwambao huu WhatsApp ni soko na ni ofisi. Nilichukua ujumbe wa aina ambayo kijana wa mtumbwini humtumia mama mnunuzi aliyeko Mbinga, nikampa msaidizi mmoja wa programu ya kuandikia auboreshe. Ujumbe ulikuwa huu:

"Shikamoo mama. Za huko? Huku salama, ila ziwa limechafuka toka juzi, hatujatoka. Dagaa zikipatikana nitakushtua. Usije na gari kwanza mpaka nikupigie. Tumwombe Mungu."

Nikarudishiwa huu:

"Habari, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema. Ningependa kukujulisha kwamba kutokana na hali mbaya ya hewa, shughuli za uvuvi zimesitishwa kwa muda. Nitakujulisha mara tu dagaa watakapopatikana. Asante kwa uvumilivu wako."

Sarufi haina tatizo. Mwalimu angeweka vema. Lakini angalia kilichotoka. Shikamoo imekuwa habari, na kijana anayemwambia habari mama aliyemkopesha fedha za nyavu atakuwa na kazi ya kueleza. "Ziwa limechafuka" anaelewa kila mtu wa pwani hii: kuna upepo na mawimbi, mitumbwi imelala mchangani. "Hali mbaya ya hewa" haisemi hivyo. Mama yule akiangalia nje kule milimani kwenye kahawa ataona jua limewaka, ajiulize huyu kijana anamficha nini. "Tumwombe Mungu" ilikuwa inamkumbusha kwamba hapa hakuna anayeahidi kitu. Na sentensi iliyobeba fedha, usije na gari kwanza, imefutwa kabisa. Akikodi gari kutoka Mbinga, kilomita 66, akafika pwani akakuta vichanja vitupu, hasara ni yake.

"Asante kwa uvumilivu wako" imetoka wapi? Ni sauti ya tangazo la kampuni, Kiingereza cha huduma kwa wateja kilichovishwa maneno yetu. Mvuvi amepewa mdomo wa ofisa wa dawati la malalamiko.

Utaniambia kijana huyo asibonyeze kitufe, basi. Wewe na mimi tunaweza, maana tumesoma na hatuogopi sentensi zetu. Mfikirie aliyeishia darasa la saba, ambaye kila akiandika neno mashine inajitolea kumwandikia vizuri zaidi. Kinachomfikia ni kwamba alivyoandika hakufai. Habari hiyo tumeshawahi kuisikia. Shuleni tuliambiwa lugha za nyumbani tuziache getini. Tulipofika sekondari Kiswahili nacho kikawekwa pembeni, Kiingereza kikapewa darasa. Ujumbe wa simu ulibaki mahali ambapo mtu wa huku aliandika anavyoongea bila kusahihishwa. Sasa msahihishaji amefika na huko.

Sisemi mashine hizi hazina faida. Kijana anayetafuta kazi, anayetakiwa kuandika barua ya maombi kwa Kiingereza na hana wa kumuuliza, akienda mwenyewe kuomba msaada wa akili unde simzuii. Yeye ndiye aliyepiga hodi, na akimaliza shida yake anaondoka. Ninayemlalamikia ni anayehamia kwako.

Tunajua pia kwamba programu inaweza kuingia kwa adabu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Aliyeitaka aliichukua. Ilimsemesha mtumiaji kwa lugha yake, kisha ikanyamaza ili aandike yeye.

Sasa hata gharama imeanza kuonekana. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Australia iliifikisha Microsoft mahakamani, ikidai kuwa wateja wapatao milioni 2.7 walipotoshwa: waliambiwa wakubali Copilot kwa bei ya juu au wajitoe, bila kuelezwa wazi kwamba wangeweza kubaki na mpango wa zamani usio na Copilot. Microsoft baadaye iliwaomba wateja radhi. Miezi mitatu kabla, mamlaka ya Italia ilikuwa imeanza kuichunguza Meta kwa kuiweka Meta AI ndani ya WhatsApp bila watumiaji kuiomba.

Sisi nasi tuna Tume ya Ushindani, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kuisimamia. Maswali ya Roma yanaweza kuulizwa Dodoma kwa Kiswahili: nani aliomba, na mlango wa kumtolea uko wapi? Wenye kampuni wakijibu kwamba watu wanampenda, waweke kitufe cha kumzima, kiandikwe wazi, kikae mahali ambapo yule mama wa Mbinga atakiona bila kumwita mjukuu. Baada ya mwaka mmoja wahesabu waliomwacha awake. Hapo tutajua kama anapendwa au tulikosa tu pa kumtolea.