Fremu Nne za "Ha"

Sentensi ilikuwa hii: "Hatutaondoka kabla ya mvua." Aliisema mzee mmoja mbele ya kamera, katika habari ya wakazi waliotakiwa kuhama. Nilipoipitia kanda iliyokamilika, saa moja hivi kabla ya taarifa ya saa 2 usiku, nikamsikia akisema: "Tutaondoka kabla ya mvua." Hakuna aliyembadilishia maneno. Mashine ilikuwa imemeza "ha".

Nimehariri video tangu miaka ya mwanzo ya televisheni Tanzania Bara, iliyoanza mwaka 1994, na kosa lile ndilo ninalolisimulia kila ninapofundisha vijana.

Siku zile tulikuwa na mashine mbili, moja ya kuchezea kanda, nyingine ya kurekodia. Ukishaweka alama ya kukata, zote zinarudi nyuma kama sekunde 5, zinaondoka pamoja, zinashika mwendo, kisha rekoda inaanza kazi kwenye alama. Alama yenyewe ilikuwa hesabu tu: kifaa cha kuziongoza kilihesabu mipigo iliyorekodiwa kwenye kanda, mpigo mmoja kwa fremu. Kanda ikienda mbele na kurudi mara kadhaa, mipigo mingine inaponyoka bila kuhesabiwa, na alama inasogea fremu 2, 3, hata 4.

Kwa picha, si neno. Mfumo wetu wa PAL ulikuwa na fremu 25 kwa sekunde, kila moja milisekunde 40, na jicho husamehe. Lakini fremu 4 ni milisekunde 160, muda wa kutosha kutamka silabi moja, na Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Ondoa "ha" kwenye "hatujalipwa", inabaki "tujalipwa", na kila msikilizaji anashtuka. Wakati ujao haushtui mtu. Hatutaondoka, hawatalipa, hamtarudi: yakate vichwa maneno haya, yaliyobaki ni sarufi safi yenye maana iliyopinduka.

Leo ungevuta tu ukingo wa kipande kwa kipanya. Kwenye kanda, kipande sahihi kilizidi nafasi yake kwa fremu 4, na kanda haitanuki. Ama urekodi upya kila kilichofuata, ama unakili yote kwenye kanda nyingine na rangi zichujuke kidogo zaidi. Muda wa la kwanza sikuwa nao, na la pili sikulitaka. Nikauendea ukimya mfupi ulioachwa baada ya sauti ya mwandishi, kabla mzee hajaanza, nikachukua fremu 10: 4 za "ha", na 6 za pumzi aliyoivuta kabla ya kusema. Mashine ikiteleza tena, itakula pumzi, neno libaki. Na mzee akaonekana kwanza mdomo umefumba, anatafakari. Jibu lake likapata uzito ambao mkato wangu wa mwanzo ulilinyima. Tangu usiku ule, sauti ya mtu naianzia kwenye pumzi yake.

Taimukodi, inayoipa kila fremu anwani ya saa, dakika, sekunde na fremu, ilitibu mtelezo ule. Kisha ikaja kompyuta. Avid, mfumo wa kuhariri kwa kompyuta, ilitoka Marekani mwaka 1989, ila mimi niliihama kanda baadaye sana, na nilifurahi kama mtoto siku niliyoweza kuongeza neno katikati ya kipindi bila kugusa kilichofuata.

Sasa "ha" inaliwa kwa njia nyingine. Zipo programu za kufuta ukimya: unaweka kiwango cha sauti, na kila kilicho chini yake kinakatwa. Ile "h" ni pumzi tupu, na mtu mzima anayeongea taratibu huianza sentensi kwa sauti ya chini. Hivi majuzi kijana mmoja aliniletea mahojiano ya dakika 40 yaliyosafishwa hivyo. Alikuwa ameyakagua kwa macho, akifuata michoro ya mawimbi ya sauti, na michoro ilikuwa mizuri. Nikazima skrini, nikampa daftari, nikamwomba aandike kila kitenzi anachokisikia, kisha alinganishe na rekodi ghafi. Kazi ile ilitumalizia mchana mzima.

Mahali pawili, "hawata" ilikuwa imegeuka "wata". Tukazirudisha zote mbili, pamoja na pumzi zake.