Nani Kalipa Zile Bia?

Waandishi wenzangu, leo naomba tugombane kidogo. Hadithi zetu sisi vijana hazijui baa. Wala mgahawa hazijui. Na ajabu ni kwamba nusu ya hadithi hizo zimeanzia huko huko, mbele ya sahani ya chipsi mayai, wenyewe tunajua.

Utazikuta zinafanana. Taa hafifu. Muziki laini. Dada kavaa kimini, jamaa mwenye pesa anaingia. Anaagiza bia na nyama choma, mhudumu analeta, wanakula, wanakunywa, wanaondoka. Ukurasa wa tatu mtu kaambukizwa ugonjwa au kafukuzwa kazi. Mimi huwa nakwama pale pale kwenye "mhudumu analeta". Analeta kutoka wapi, bwana? Kwa pesa ya nani?

Sisemi haya kwa ujuaji. Mgonjwa wa kwanza ni mimi, na nitaeleza nilivyopimwa. Ila kwanza niwatembeze, maana nilikaa Dar es Salaam kuanzia 2006 hadi 2017, chumba kimoja Sinza, kabla ya kuhamia Dodoma kufuata kazi. Watu wakihama Dar husema wanakumbuka bahari. Mimi nakumbuka sehemu za kula.

Nianze na mama ntilie. Siku hizi tunaambiwa tuseme mama lishe, neno la adabu, neno la semina. Mimi nalipenda lile la zamani kwa sababu limetoka mdomoni mwa mtu mwenye njaa: mama, nitilie. Wangu mimi alikuwa Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitambaa, mabenchi mawili na turubai. Alfajiri chai na chapati, saa sita wali na maharage, saa tisa sufuria zimeshaoshwa na yeye kaondoka. Ukichelewa shauri yako.

Chakula chake kilikuwa cha kawaida, nisidanganye. Maharage yake yalikuwa na nazi ya kuhurumia. Lakini alikuwa na daftari, na lile daftari ningelichapisha leo kama lilivyo. Ndani yake mlikuwa na madeni ya watu wote wa ule uchochoro, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Fundi Mrefu. Baba Kofia. Yule wa Redio. Mimi niliandikwa Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki, kwa sababu siku ya kwanza nilikuja na kitabu. Nililikuta jina hilo siku ya kulipa, nikacheka, nikalikubali. Nawauliza: katika hadithi zenu, ni nani anakopa chakula? Watu wenu wote wana pesa taslimu, hata wale mnaotuambia ni maskini.

Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa barabarani Dar. Nilipopita mwaka uliofuata, pale penye turubai pameegeshwa gari. Sikujua wa kumuuliza, kwa sababu mimi pia jina lake la kweli sikulijua. Nilimwita Mama tu.

Kutoka Kariakoo ukielekea mjini jioni, maofisi yakishafungwa, mitaa inakuwa mitupu mpaka unaogopa. Kisha unafika kona ya Morogoro na Libya, pale Mamboz, unakuta watu wamejaa, kuku wanachomwa kwa mkaa na moshi unawavukia wapita njia. Hapo hakuna pombe. Kuna Wahindi wamekuja na bibi zao, Waarabu, Waswahili wa Upanga, vijana waliochangishana wamnunue kuku mmoja. Nilikuwa naenda mwisho wa mwezi tu, mshahara ukitoka, najinafasi kama bosi. Ninachokisifu pale ni kwamba unaona chakula chako kikipikwa na unaona nani anakula nini. Mtoto wa meza ya pili anakutazama unavyong'ang'ana na paja. Kwenye hadithi zetu mtoto haingii kabisa mahali watu wazima wanapokula usiku. Tumemfukuza bila sababu.

Feri nayo ni shule. Lile soko la samaki la Magogoni, lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wageni hupelekwa kuona mnada. Mimi nilipenda upande wa kukaangia, kwenye makarai makubwa ya mafuta. Samaki unamnunua kwa huyu, unamlipa mwingine amtoe magamba, unamlipa wa tatu amkaange. Mikono mitatu kabla hujatia kitu mdomoni, na kila mkono una bei yake na maneno yake. Likumbuke hilo la mikono mitatu, nitalirudia.

Kwa muziki nilikuwa mtu wa DDC Kariakoo, kumsikiliza Sikinde. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa 1978, na jina lake ni la baa. Sikiliza hilo: bendi ya wasimulizi wakubwa namna ile imebatizwa jina la mahali pa kunywea. Pale niliona wazee wa heshima wamekaa na soda moja tangu wimbo unaanza, wametulia tuli, wanasikiliza maneno. Ugomvi wa ndoa, deni, mtu kasahau kwao. Ikifika chemko ndiyo wanasimama kucheza. Kwa hiyo atakayekwambia kwamba watu wa baa hawana subira ya kusikia kisa kirefu, mwambie akae meza moja na wale wazee.

Sasa kwa nini sisi tunaandika tofauti? Nadhani tumerithi vibaya. Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, alikuwa anaandika mpelelezi, mtu wa kukimbizana na maadui, na mpelelezi hana muda wa kuhesabu chenji. Sawa kabisa. Ben Mtobwa akaita kitabu kizima Dar es Salaam Usiku. Walikuwa na kazi yao na waliifanya, tulisoma hata chini ya dawati. Sisi tumechukua usiku wao na hoteli zao, tukaacha ile kazi. Tumebaki na taa hafifu. Kwani baa gani ya Sinza ina taa hafifu? Baa ya Sinza ina taa nyeupe ya kukuumbua hadi vinyweleo, luninga inapiga kelele, na asubuhi ileile saa mbili ilishakuwa inauza supu na chapati kwa makondakta na manesi waliotoka zamu. Usiku ni kipande tu cha siku yake.

Basi tufike kwenye baa yangu, Sinza, jina lake naliacha. Sisi watatu tulikuwa na meza yetu karibu na jiko, moshi wote wetu, lakini nyama tunaipata ya kwanza. Mhudumu wetu alikuwa dada mmoja mtu wa Ifakara. (Kwenye hadithi zetu wahudumu wote wanatoka Singida. Singida imetukosea nini?) Anakuja, anafuta meza, anauliza swali ambalo sijawahi kulikuta katika hadithi ya kijana yeyote: "Ya moto au ya baridi?" Anaifungua mbele yako ujue haijachezewa. Nyama ikija, analeta jagi na beseni mnawe.

Nilikaa pale miaka nikidhani ninaijua ile baa. Sikujua kwamba jiko la nyama si la baa, mchomaji kakodi ile kona na pesa yake ni mbali. Kitimoto ni mwingine, na sufuria zake pembeni ili asiyekula asichanganyiwe. Muuza karanga na mayai ya kuchemsha, mwingine tena. Meza moja, biashara nne. Ni ile mikono ya Feri, ila pale Feri nilikuwa naiona kwa sababu nailipa mmoja mmoja. Na yule dada alikuwa anachukua bia kaunta kwa hesabu yake mwenyewe. Akikabidhiwa chupa, ile chupa ni deni lake mpaka mteja alipe. Mteja akitoroka, anakatwa yeye.

Mwaka 2011 niliandika hadithi kuhusu mhudumu wa baa. Nilimwita Suzi. Unaijua hadithi yenyewe, huna haja ya kuisoma: jamaa mwenye gari, midomo iliyopakwa rangi, mwisho kitanda cha hospitali. Nikawasomea washikaji pale pale mezani, kwa mbwembwe. Yule dada alikuwa anakusanya chupa, akasikia, akaomba aende nayo nyumbani. Nikampa, nimevimba kichwa. Siku ya tatu akairudisha ina doa la mafuta.

"Kaka, nimesoma."

"Umeionaje dada?"

"Nzuri. Ila huyu jamaa kanywa bia sita, kala kilo nzima, kaondoka na Suzi. Nani kalipa?"

Nikamwambia hilo si la muhimu, msomaji anajua tu kwamba kalipa.

"Msomaji gani? Mimi nimesoma, sijui."

Washikaji wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza moto au baridi: "Labda kama nyie ile siku ya mechi."

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, miezi kadhaa nyuma, baa imefurika, tuliondoka katika zile vurugu kila mmoja akidhani mwenzake kalipa. Bia kumi na moja na maji makubwa mawili. Alikatwa. Alikuwa anazikumbuka kwa idadi, sisi tulikuwa tunakumbuka magoli. Na miezi yote hiyo aliendelea kutufutia meza na kutunawisha mikono.

Nikamuuliza kwa nini hakutwambia.

"Ningewaambia mngeona aibu, mngehama baa. Mkihama namhudumia nani?"

Tulilipa nusu usiku ule, tukaahidi nyingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi tukafika, meneja akasema kaacha kazi. Mmoja akasema karudi kwao, mwingine akasema yuko Mbagala. Sikumwona tena, na ile nusu sijailipa hadi leo ninapoandika.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, nilipomweleza habari hii akanijibu kwamba hadithi si risiti. Ukianza kuhesabu chupa, anasema, utaandika kama mhasibu, na fasihi itakufa kwa kiu. Nilimheshimu kwa siku mbili tatu. Halafu nikakaa nikaitoa hadithi ya Suzi nijaribu. Nikamwekea hesabu yake tu, kitu kimoja hicho, mengine nikayaacha kama yalivyo.

Ikaharibika yote. Suzi hawezi kuondoka na yule jamaa saa nne usiku kama nilivyoandika mwanzo, kwa sababu hajafunga mahesabu na kaunta. Akiondoka, chupa zote za meza zake zinabaki shingoni kwake. Kwa hiyo jamaa inabidi asubiri. Na akisubiri, pombe inaanza kumtoka. Anamwona Suzi anabishana na wa kaunta kuhusu chupa mbili zisizoonekana. Anamwona anakula, amesimama, wali wa baridi kwenye kifuniko cha bakuli. Midomo ya rangi niliifuta mwenyewe. Kitanda cha hospitali kimekuwa mbali sana, sioni njia ya kukifikia kutoka pale.

Nipo hapo tangu mwaka juzi. Ni saa saba kasoro, viti vimeshapinduliwa juu ya meza, Suzi anapanga chupa tupu kwenye kreti na kuhesabu kwa mdomo. Jamaa kakaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, funguo za gari mkononi, na hana la kusema. Nimemwandikia maneno mara nne na mara nne nimeyafuta. Safari hii nafikiri nitaanza kwa kumfanya aulize ni chupa ngapi zinapungua.