Vitendawili vya Darasa la Awali

Miongoni mwa vipindi vinavyopendwa na watoto wa darasa la awali ni kile cha vitendawili. Mwalimu hutamka "Kitendawili!" na darasa zima huitikia "Tega!" Mara nyingi huja kile kijulikanacho kote nchini, cha kuku aliyetagia miibani, na jibu litakiwalo ni nanasi. Kitendawili hicho ni kizuri. Aliyekitunga alilitazama nanasi lilivyokaa katikati ya majani yenye miiba, akaona yai kiotani. Na kuona namna hiyo ndiyo asili ya ushairi.

Lakini mtoto wa Ugogo, aliyekulia katika nchi kavu ya mtama na mibuyu, na ambaye nanasi amelikuta gengeni likiwa limekwisha kukatwa, atayaonaje majani hayo? Akijibu kwamba ni ndege aliyejenga kiota katika mgunga, amejibu kwa akili, maana hayo ameyaona kwa macho yake. Kumwambia "umekosa" ni kumfundisha kwamba mambo ya kwao hayafai kusemwa darasani. Vivyo hivyo katika kuchora. Picha ya nyumba ubaoni huwa na paa lililochongoka, na mtoto aliyelala katika tembe, japo tembe sasa zimepungua na mabati yamezidi, akichora paa bapa la udongo huambiwa arudie.

Katika hesabu hasara ni kubwa zaidi, nayo haionekani kwa urahisi. Kwa Wamakonde na Wayao hesabu husimama juu ya mkono: sita husemwa tano na moja, saba husemwa tano na mbili. Kiswahili kilipokea sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na maneno hayo, kwa mtoto mdogo, ni majina ya kukariri tu. Hayamwonyeshi jinsi idadi ilivyojengwa. Mtoto wa Newala huja shuleni akiwa na somo zima la kujumlisha ndani ya ulimi wake. Mwalimu asiyelijua hulipita, kisha huhangaika na vijiti na vizibo vya soda kutafuta kitu kile kile.

Wako watakaosema kwamba haya yatarudisha ukabila. Hofu hiyo siidharau. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliagiza elimu ya awali itolewe kwa Kiswahili, nami naliunga mkono agizo hilo, kwa kuwa taifa lenye lugha zaidi ya 120 lisingeweza kusemezana kwa njia nyingine. Hata hivyo Kiswahili chenyewe hakikuogopa kuazima kwa jirani. Neno ikulu limetoka bara, kwa watemi wa Unyamwezi na Usukuma. Na neno ngeli, ambalo kila mwalimu wa sarufi hulitumia, limetoka katika Kihaya. Kitendawili cha Kigogo kikielezwa kwa Kiswahili mbele ya mtoto wa Kichaga na wa Kizaramo kitamdhuru nani?

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi wa Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi walicheza rumba na waltz huku gombesugu na lelemama hawazijui. Tangu hapo ngoma zimeingia shuleni, lakini mara nyingi kwa ajili ya wageni. Siku ya sherehe watoto huvishwa migolole na kaniki, hucheza, hupigiwa makofi. Kesho yake mavazi yamefungiwa kabatini, wala hakuna aliyewauliza ngoma ile huchezwa lini na kwa sababu gani. Utamaduni wa namna hiyo ni wa kutazamwa tu, na mtoto wa miaka mitano hutambua upesi kwamba alichocheza hakimo katika masomo.

Ndugu walimu, dawa ya jambo hili haihitaji fedha. Mara moja kwa juma mtoto na atumwe nyumbani akaulize kwa bibi au babu kitendawili kimoja, naye akitege mwenyewe mbele ya wenzake kwa Kiswahili chake, hata kama kinakwaruza. Sheria ya mchezo ibaki ile ile ya zamani: wakishindwa wote, mwalimu akiwamo, mtegaji ana haki ya kudai mji, na mwalimu hana budi kumpa.