Eti 'jina la ukoo'? Ukoo upi?
FOMU nyingi hutudai 'jina la ukoo'. Ninaipinga istilahi hii. Kwa Waingereza, Randolph na mwanawe Winston wote ni Churchill. Huku Kisii na Nyamira, koo ni Abagetutu, Abagirango, Abanyaribari na wengineo. Nani hujaza hayo kwenye fomu?

Chifu Musa Nyandusi alimzaa Simeon Nyachae, waziri aliyeaga dunia mwaka wa 2021. Charles, mwana wa Simeon aliyeongoza Tume ya Utekelezaji wa Katiba, naye ni Nyachae. Je, ukoo ulibadilika? La hasha! Kilichobadilika ni desturi ya kuitana.

Basi fomu ziulize 'jina la mwisho', ili mtoto asiyeshiriki jina na babake asishukiwe afisini.