Uzalendo Uliopoteza Imani: Kinjeketile Inaposomwa Ruhuwiko

Katika Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anamchora kiongozi asiyeyaamini tena maji aliyowapa watu wake, lakini anayekataa kuyakana mbele ya Wajerumani, watoto wasije wakaambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Ni rahisi kukuita kukataa huko ushujaa mtupu. Msomaji wa Ruhuwiko hana wepesi huo: mjini kwake Songea wamezikwa Wangoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, miezi kadhaa baada ya Kinjeketile wa historia kunyongwa. Gharama ya neno iliendelea kulipwa na wengine. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Hussein alikuwa akiliuliza pia taifa changa (na hapa ndipo tamthiliya inapouma) iwapo mzalendo aliyekata tamaa anaruhusiwa kusema.