Ameacha Nini Nyumbani? Kuchagua Mfumo wa Mbio kwa Kibanda Kidogo cha Njiwa, Mbulu na Hanang

Njiwa harudi nyumbani ili ashinde. Anarudi kwa sababu kuna kitu amekiacha: yai, kinda, mwenzi, kisanduku chake, punje zake za mtama. Mifumo yote ya kushindanisha njiwa imebuniwa ili kitu hicho kimvute zaidi, na mfugaji hodari ni yule anayeweza kukuambia, kwa kila ndege aliyemtia kwenye tenga jana jioni, ameacha nini nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mfumo upi ni bora, jiulize una njiwa wangapi, na nani anashinda nyumbani mchana kutwa.

Huku kwetu njiwa hufugwa kwa kitoweo na kwa kupendeza nyumba, katika visanduku vya mbao vilivyopachikwa ukutani au juu ya nguzo. Mchezo wa mbio ulikulia Ubelgiji katika karne ya 19, na mafundisho yake mengi yametungwa kwa majira ya kule. Mfugaji wa Dongobesh, Haydom au Katesh anayetaka kuanza hana budi kuyapembua.

La kwanza kuliacha ni giza. Wazungu hufunga mapazia ya vibanda vya makinda kwa saa nyingi kila siku katika majira ya kuchipua, ili mwili wa njiwa udhani siku bado ni fupi na uchelewe kunyonyoka manyoya mpaka mbio ziishe. Ubelgiji jambo hilo lina maana: mchana wa Desemba ni saa 8 hivi, wa Juni unazidi 16. Mbulu na Hanang ziko takribani digrii 4 kusini ya Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote ni kama nusu saa tu. Njiwa wetu huzaa na kunyonyoka bila kuburutwa na jua namna ile. Kinachotutawala sisi ni mvua. Panga msimu kwa mvua: unganisha jozi Januari, makinda waachane na wazazi kabla masika hayajakolea, kisha mbio ziwe kuanzia Juni, kiangazi kinapotulia. Asubuhi za Juni na Julai Mbulu zina baridi kali, basi ongeza mahindi kwenye chakula.

Iliyobaki ni mifumo mitatu ya kuaminika.

Wa ujane ndio wenye sifa kubwa. Dume huunganishwa na jike, wanalea kinda mmoja au wawili, wanaatamia tena siku kama kumi, kisha jike anaondolewa. Wiki nzima dume anakaa peke yake na kisanduku chake. Siku ya kupelekwa mbioni anaonyeshwa jike kwa dakika chache, anatiwa kwenye tenga, na akirudi anamkuta. Ni mfumo wenye nguvu, lakini tazama gharama yake. Unahitaji chumba cha madume, chumba cha majike ambacho madume hawakioni wala kukisikia, na chumba cha makinda. Unahitaji utulivu: dume mjane anayeshtuliwa mchana na watoto, mbuzi na mbwa anamaliza nguvu zake kibandani. Na nusu ya njiwa wako, yaani majike wote, wanakula bila kuruka.

Ujane wa pande mbili unarekebisha hilo la mwisho, maana dume na jike wote wanashindana na kukutana baada ya mbio tu. Ila majike wakifungiwa pamoja bila kazi huanza kuoana wao kwa wao, na jike wa namna hiyo hana haraka ya kurudi kwa dume yeyote. Dawa yake ni kuwarusha sana na kuwalisha kwa kipimo, kazi ya mtu asiye na shamba la kupalilia.

Mfumo wa kiota ndio wa zamani, na wengi wanaudharau. Jozi zinakaa pamoja, zinataga, zinalea, na wote wawili wanakwenda mbioni kulingana na hali ya kiota. Kipimo cha mfugaji wa mfumo huu ni daftari. Njiwa huatamia siku 17 au 18. Jike aliyefikisha siku kumi juu ya mayai ana utulivu na shauku ya kurudi. Mwenye kinda wa wiki moja ana shauku kubwa zaidi. Dume anayemfukuza jike kumrudisha kiotani ili atage tena anaweza kuruka kwa hasira nzuri, ingawa hali hiyo ni ya siku chache. Jike anayekaribia kutaga usimpeleke popote. Mfugaji asiyeandika tarehe ya yai la kwanza hatumii mfumo wowote, anabahatisha.

Na usikubali maneno kwamba jike si ndege wa mbio. New Kim, njiwa wa Ubelgiji aliyenunuliwa mnadani mwaka 2020 kwa euro milioni 1.6, ni jike.

Basi utatambuaje kibanda kinachoendeshwa vizuri, uwe mfumo wowote? Wageni hukimbilia kumshika njiwa. Mimi ningetazama mlango kwanza. Mbio za njiwa hupimwa kwa mwendo, mita kwa dakika, kwa sababu kila kibanda kiko umbali wake. Njiwa aliyeachiwa Katesh akifika Mbulu, takribani kilomita 75 kwa mstari ulionyooka, kwa dakika 60, amefanya mita 1,250 kwa dakika. Akitua juu ya bati na kuzubaa dakika sita kabla ya kuingia, ameshuka hadi 1,136. Hakuna damu ya Ulaya itakayofidia hasara hiyo. Nenda jioni ya kawaida, njiwa wakiwa nje, umwombe mwenye kibanda atikise kopo la chakula. Wakiingia wote mara moja, umeona kazi ya fundi. Wakibaki watatu juu ya paa, mwenyewe amekuwa akiwalisha kupita kiasi, au anawaita kwa saa tofauti kila siku.

Kisha tazama sakafu. Kinyesi cha njiwa mzima ni kidonge kigumu chenye kofia nyeupe, na asubuhi huwa na unyoya mwororo umeganda juu yake. Cha majimaji ya kijani ni onyo. Kuku wasiwe karibu na maji ya njiwa, kwani kideri kinawapata wote.

Ndipo umshike. Mwili ulio tayari hujaa mkononi ukawa mgumu bila kuwa mzito. Njiwa wa mbio ana gramu 400 hadi 500 hivi. Pua nyeupe kama chaki. Ngozi juu ya mfupa wa kidari ina rangi ya waridi, haina magamba. Fungua bawa uhesabu manyoya kumi ya nje, uangalie yale manne ya mwisho: yakiwa na pengo au alama ya njaa iliyokata unyoya, msubirishe. Kuna wanaodai kumjua bingwa kwa duara za jicho. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, na sidhani kuna kocha huku anayemchagua mwanariadha kwa kumtazama machoni. Jicho linaonyesha afya. Uwezo unaonyeshwa na tenga.

Nchi yetu yenyewe ni mtihani. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, unasimama papo hapo katika mstari wa Katesh kwenda Mbulu, hivyo kundi linapaswa kuamua upande wa kupita likiwa bado halijapata moto. Makinda wa Mbulu waanzie Dongobesh, kama kilomita 30, wazoee kwanza. Kutoka Babati njia ni fupi kuliko ya Katesh, chini ya kilomita 50, lakini wanapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na penye majabali kuna kozi. Kwa Katesh, Kondoa ni mwanzo mzuri wa kilomita 60, na Singida kilomita 80 hivi. Kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka kusini mashariki: anayetoka Dodoma kuja Mbulu unamsukuma mgongoni, anayetoka Singida unampiga ubavuni. Usilinganishe mwendo wa njia hizo mbili ukamhukumu ndege.

Chakula hakihitaji mfuko wa kuagiza: mahindi, mtama, ngano ya Basotu, mbaazi za Babati, alizeti kidogo, na maganda ya mayai yaliyopondwa kwa ajili ya chokaa.

Kwa mwenye jozi sita hadi kumi na kibanda kimoja uani, hukumu yangu ni mfumo wa kiota kwa misimu miwili bila kubadili, daftari likiwa ukutani. Ujane ungoje mpaka uwe na chumba cha pili na mtu wa kushinda nyumbani. Anza na makinda walioachishwa kiota sasa hivi, siku 25 hadi 28, kabla hawajaruka kwingine. Njiwa mkubwa aliyekwisha kuruka kwa jirani, siku utakayomfungulia, atarudi kwa jirani.